Kromosomu moja ikizidi ni shida, seti nzima ikizidi tikitimaji linastawi: inakuwaje?

SWALI: Shikamoo Daktari. Tumefundishwa kwamba mtoto mwenye kromosomu moja ya ziada huzaliwa na hali ya Down. Halafu nikasoma kwamba tikitimaji lisilo na mbegu lina seti nzima ya ziada, yaani kromosomu 11 zaidi, na mmea wake unastawi vizuri tu. Inakuwaje moja ilete shida na kumi na moja zisilete? Binadamu akipata seti ya ziada huwa nini? Na tunda lenyewe likiliwa halina madhara? Kuna wanaosema limechezewa jeni.

JIBU: Marahaba. Umeuliza jambo ambalo vitabu vya shule hulipita mbio, nami nitalijibu kwa urefu kwa sababu linastahili.

Tuanze na hesabu. Kromosomu ni nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni. Seli za mwili wako zina kromosomu 46, yaani seti mbili za 23: moja umepewa na mama, nyingine na baba. Tikitimaji la kawaida lina 22, seti mbili za 11. Kiumbe mwenye seti mbili huitwa diploidi, mwenye tatu triploidi, mwenye nne tetraploidi. Mtoto mwenye hali ya Down si triploidi. Ana seti zake mbili kamili, ila kromosomu namba 21 imekuja nakala tatu, ndipo jumla ikafika 47. Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walilionyesha hilo huko Ufaransa mwaka 1959, miaka mitatu tu baada ya Joe Hin Tjio na Albert Levan kuthibitisha kwamba binadamu ana kromosomu 46. Kabla ya hapo, kwa miongo kadhaa, wataalamu waliamini ni 48. Kwa hiyo umelinganisha mambo mawili ya aina tofauti: kromosomu moja iliyozidi peke yake, na seti nzima iliyozidi. Jibu lote limejificha kwenye tofauti hiyo.

Seli haina namna ya kuhesabu kromosomu. Inachokipata ni mazao ya jeni zilizomo, yaani protini, na protini nyingi hufanya kazi kwa kushikana na wenzake kwa vipimo maalumu. Chukua himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Huundwa kwa minyororo miwili ya alfa na miwili ya beta. Jeni za alfa ziko kwenye kromosomu 16, jeni ya beta iko kwenye kromosomu 11. Minyororo hiyo ikitengenezwa kwa uwiano, yote inapata mwenzake. Upande mmoja ukizidi, iliyobaki bila mwenzake huganda ndani ya seli nyekundu na kuiharibu. Hicho ndicho kinachowatesa wagonjwa wa thalasemia, ingawa kwao chanzo ni jeni iliyodhoofika, si kromosomu iliyozidi.

Sasa fikiria kromosomu moja ikizidi. Jeni zake zote zinapanda kutoka nakala mbili hadi tatu, huku jeni ambazo zilipaswa kushirikiana nazo, zilizoko kwenye kromosomu nyingine, zimebaki mbili. Uwiano unavunjika mahali pengi kwa mpigo. Kromosomu 21 ina jeni chache kuliko nyingine zote zisizo za jinsia: jeni za protini mia mbili na ushei, wakati kromosomu 1 ina takriban 2,000. Ndiyo maana mtu mwenye 21 ya ziada anazaliwa, anasoma, anafanya kazi na kuzeeka, ilhali mimba yenye kromosomu 1 ya ziada huharibika mapema mno.

Ikizidi seti nzima, hali ni nyingine. Alfa inapanda hadi nakala tatu, na beta inapanda hadi tatu. Kila jeni inapanda pamoja na wenzake, na vipimo vinabaki vilevile.

Huenda ukadhani mimea ina ustahimilivu fulani ambao sisi hatuna, kwamba yenyewe haijali kitu. Hapana, nayo kromosomu moja ikizidi inaihisi. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa mnanaha, ule mmea wa sumu wenye tunda la miiba, Datura stramonium kwa jina la kitaalamu. Una jozi 12 za kromosomu. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1915, Albert Blakeslee na wenzake walikuwa wakiokota shambani mimea yenye sura isiyo ya kawaida, na baadaye ikajulikana kwamba kila mmoja una kromosomu moja ya ziada. Kwa miaka walifuatilia mpaka wakapata aina zote 12, kila aina na kromosomu yake iliyozidi. Ukiyapanga matunda yake kwa safu, huhitaji hadubini kuona tofauti: moja limebonyea likawa la mviringo bapa, jingine limerefuka, jingine limebaki dogo, jingine limejaa miiba kupita kawaida. Aliyezoea aliweza kutazama tunda na kusema ni kromosomu gani imezidi. Halafu wakawa na mnanaha triploidi, wenye kromosomu 36, yaani 12 za ziada kwa pamoja, na huo ulifanana na mmea wa kawaida kuliko wengi wa wale wenye moja tu. Swali lako, kwa maneno mengine, lilijibiwa kwenye bustani za utafiti miaka mia moja iliyopita.

Si kwamba seti ya ziada haileti mabadiliko kabisa. Kiini cha seli kikibeba kromosomu zaidi, seli yenyewe huwa kubwa zaidi. Kwenye mimea jambo hilo mara nyingi huonekana kwa macho: majani mazito, maua makubwa, tunda nene. Kwa wanyama mambo yanaweza kuwa ya ajabu zaidi. Katika miaka ya 1940 Gerhard Fankhauser wa Chuo Kikuu cha Princeton alichunguza viluwiluwi vya salamanda, wale amfibia wenye mkia, waliokuwa na seti moja, mbili, tatu, hadi tano. Seli zao zilikuwa kubwa kadiri seti zilivyoongezeka, lakini mnyama hakuwa mkubwa zaidi. Mwili wake ulijengwa kwa seli chache zaidi. Alikata vijibomba vya figo na kuvitazama kwa upana wake. Kwenye salamanda wa kawaida, ukuta wa kijibomba ulizungukwa na seli kadhaa zilizopangana. Kwenye mwenye seti tano, seli zilikuwa kubwa kiasi kwamba mahali pengine moja tu ilijikunja mduara mzima, na tundu la katikati likabaki na ukubwa uleule. Mwili ulijua kijibomba kinatakiwa kiwe na upana gani, ukajipanga kwa seli ulizopewa. Kila nikifundisha suala hili narudi kwenye kijibomba hicho, kwa sababu kinaonyesha jinsi kiumbe anavyoweza kuibeba seti ya ziada bila kuyumba.

Shida ya seti tatu huanza wakati wa kuzaa.

Mbegu ya kiume, yai na chavua hutengenezwa kwa meiosisi, ambapo kila kromosomu humtafuta mwenzake, hujipanga naye, kisha hutengana: mmoja huku, mwingine kule. Seti zikiwa mbili, nne au sita, jozi zinapatikana. Ndiyo maana mazao mengi yenye seti nyingi za shufwa huzaa mbegu bila tabu: kahawa ya arabika na pamba inayolimwa zaidi duniani zina seti nne, ngano ya mkate ina sita, stroberi ina nane. Zikiwa tatu, mmoja anabaki peke yake. Wawili wanakwenda upande mmoja na mmoja upande wa pili, na kila kundi la watatu linaamua kivyake, bila kujali makundi mengine yameamua nini.

Tupige hesabu ya tikitimaji triploidi lenye kromosomu 33, yaani makundi 11 ya tatu-tatu. Ili chavua moja ipate seti moja kamili, makundi yote 11 yanapaswa kuupa upande wake kromosomu moja-moja. Uwezekano wake ni nusu ikizidishwa kwa nusu mara 11, yaani 1 katika 2,048. Uwezekano wa kupata seti mbili kamili ni huohuo. Kwa pamoja, chavua yenye hesabu safi ni 1 katika 1,024. Yai nalo lina bahati hiyohiyo, na mbegu nzuri inahitaji vyote viwili visadifiane: mara moja katika zaidi ya milioni. Nyingine zote zinabeba kromosomu mbili za huyu na moja ya yule, na hapo tunarudi kwenye ule uwiano uliovunjika.

Haya yanaonekana kwa hadubini ya kawaida ya shule. Chukua ua dume la tikitimaji la kawaida na ua dume la lisilo na mbegu, kung'uta chavua zao kwenye vioo viwili, tia tone la asetokamini. Chavua za kwanza zitakunywa rangi na kuwa nyekundu, mviringo, zimejaa, zinalingana. Za pili zitakuwa mchanganyiko: chache zimejaa, nyingi zimenywea, tupu, rangi haizishiki. Kama mwalimu wako ana vifaa, mwombeni mlifanye jaribio hili. Litakaa kichwani kuliko maelezo yangu.

Sasa utauliza: kama tunda hilo halina mbegu, mkulima anapanda nini? Hapa Blakeslee anarudi. Mwaka 1937, yeye na Amos Avery walitangaza kwamba kolkisini, dawa inayotolewa kwenye mmea uitwao Colchicum autumnale, inaongeza seti za kromosomu mara mbili. Dawa hiyo huzuia nyuzi zinazovuta kromosomu wakati seli inajigawa. Kromosomu zimeshajinakili, lakini hakuna wa kuzitenganisha, basi zote zinabaki kwenye seli moja. Hitoshi Kihara wa Japani na wenzake waliitumia kwenye miche ya tikitimaji wakapata mimea tetraploidi yenye kromosomu 44, wakaichavusha kwa tikitimaji la kawaida, na mwaka 1951 Kihara akachapisha maelezo ya matunda yasiyo na mbegu. Yai la mmea wa kwanza lina kromosomu 22, chavua ya wa pili ina 11, jumla 33. Kwa hiyo mbegu za tikitimaji lisilo na mbegu zipo. Hutoka ndani ya tunda la mama tetraploidi, na kila msimu zinapaswa kutengenezwa upya. Mkulima hupanda kando yake mistari ya tikitimaji la kawaida, mara nyingi mmea mmoja kwa kila mitatu, kwa sababu ua jike la triploidi bado linahitaji chavua hai ya kulichokoza ndipo tunda lianze kukua.

Njia hiyohiyo imefika baharini. Chaza wa kawaida hutumia nguvu nyingi kutengeneza mayai na manii, na wakati huo nyama yake hulegea na kupoteza ladha. Chaza triploidi hapotezi nguvu hizo. Katika miaka ya 1990 Ximing Guo na Standish Allen walifanikiwa kupata chaza tetraploidi wa Pasifiki, na tangu hapo watoto triploidi wanapatikana kwa kumzalisha tetraploidi na diploidi tu.

Ndizi zinahitaji maneno zaidi kidogo, kwa sababu zinaonyesha gharama yake. Ndizi nyingi tunazokula ni triploidi, kromosomu 33, nazo hazikutengenezwa na maabara yoyote. Zilitokea zenyewe: mara chache mmea hukosea na kutoa yai au chavua ambayo haikupunguza seti zake, na ikikutana na ya kawaida zinapatikana tatu. Watu wa kale waliuona mgomba ambao ndizi zake hazina kokwa ngumu zilizojaa kwenye ndizi mwitu, wakachukua machipukizi na kuyapanda. Mgomba huo, tofauti na tikitimaji, hauhitaji hata kuchavushwa. Lakini kiumbe asiyezaa mbegu hawezi kuchanganya jeni zake. Migomba ya aina moja ni nakala moja iliyorudiwa. Ugonjwa wa Panama, unaoletwa na kuvu wa udongoni aitwaye Fusarium, uliiangamiza aina ya Gros Michel kwenye biashara ya kimataifa kufikia miaka ya 1960. Ikachukuliwa Cavendish, ambayo ilihimili kuvu yule. Sasa kuna aina ya kuvu huyo inayoishambulia Cavendish, na mwaka 2019 ilithibitishwa kufika Kolombia. Hilo linanisumbua sana. Wazalishaji wa mbegu wanapambana kupata ndizi mpya, na kikwazo chao cha kwanza ni ile hesabu ya 1 katika 1,024 tuliyopiga hapo juu.

Wapo pia viumbe ambao seti tatu haziwasumbui kwa kuwa wameiacha meiosisi kabisa. Kamba wa maji baridi aitwaye Procambarus virginalis ana kromosomu 276 katika seti tatu, wote ni majike, na kila yai hukua bila kurutubishwa. Alijulikana kwanza kwa wafugaji wa samaki wa mapambo Ujerumani mwaka 1995. Leo amesambaa kwenye mito na mashamba ya maji ya Madagaska.

Kwa binadamu, naomba twende taratibu, maana wapo wasomaji ambao jambo hili limewapitia nyumbani mwao. Seti tatu humfikisha binadamu kwenye kromosomu 69. Hutokea katika takriban mimba 1 hadi 2 kati ya kila 100, mara nyingi kwa sababu mbegu mbili za kiume zimeingia kwenye yai moja, wakati mwingine kwa sababu yai lenyewe halikupunguza seti zake. Karibu zote huharibika mapema. Wachache wanaozaliwa hai huishi saa au siku, mara chache sana miezi.

Hapo utanibana: si nimesema uwiano haujavunjika? Uwiano wa jeni kwa jeni haujavunjika. Uliovunjika ni wa mama na baba. Kwa mamalia, makumi ya jeni huwekewa alama kulingana na mzazi zilikotoka, kiasi kwamba nakala ya mama pekee ndiyo inayofanya kazi, au ya baba pekee. Mwaka 1984, James McGrath na Davor Solter huko Marekani, na kikundi cha Azim Surani huko Uingereza, walihamisha viini vya seli kati ya mayai ya panya yaliyotoka kurutubishwa. Kiinitete chenye seti mbili za mama, hesabu kamili kabisa, kilikufa. Chenye seti mbili za baba nacho kilikufa. Cha mama pekee kilijenga mwili lakini kondo la nyuma likawa duni. Cha baba pekee kilijenga tishu za kondo na mwili ukabaki nyuma. Sura hiyohiyo inaonekana kwenye mimba triploidi za watu. Seti mbili zikitoka kwa baba, kondo huvimba na kujaa vifuko vya maji, ile iitwayo mimba zabibu ya aina isiyo kamili. Zikitoka mbili kwa mama, kondo huwa dogo mno na mtoto hudumaa. Ndege hawana mfumo huo wa alama, na kuku triploidi huanguliwa na kukua hadi utu uzima, ingawa maumbile yao ya jinsia huvurugika na hawazai.

Kwa yeyote aliyeambiwa hospitali kwamba mimba yake ilikuwa triploidi: ni ajali ya wakati wa kurutubishwa. Haikuletwa na chakula, kazi nzito wala neno la mtu, na kwa kawaida hairudii kwenye mimba inayofuata. Ila kama ilikuwa mimba zabibu, tafadhali usikatize vipimo vya hCG, homoni ya ujauzito, hata ukijisikia mzima, kwa sababu kwa wanawake wachache tishu hubaki na kuendelea kukua, na ikigunduliwa mapema hutibika.

Kuhusu kula, nikuulize nawe swali: punje ya hindi ina kromosomu ngapi? Kiinitete chake, kile kitakachochipua, kina 20. Sehemu kubwa iliyobaki, endospermu, ndiyo inayotoa wanga wa unga, nayo ina 30. Sergei Nawaschin wa Urusi aligundua mwaka 1898 kwamba chavua ya mimea ya maua hutoa mbegu mbili za kiume: moja huungana na yai, ya pili huungana na viini viwili vya mama, na kutoka hapo hukua chakula cha mbegu chenye seti tatu. Mchele ni vivyo hivyo. Ubishi wa mama na baba upo hata humo: ukichavusha tikitimaji la kawaida kwa chavua ya tetraploidi, badala ya njia aliyoitumia Kihara, endospermu huharibika na hupati mbegu hai.

Kwa hiyo umekula seli za triploidi tangu ulipoanza kula ugali au wali. Kromosomu za chakula chochote, ziwe za seti mbili au nane, tumbo na utumbo huzivunjavunja kama virutubisho vingine, na haziingii kuwa zako. Wewe mwenyewe unazo seli zenye seti za ziada zinazofanya kazi yake: sehemu ya seli za ini zina nne, na zile za uboho zinazotengeneza chembe sahani za damu hufikia seti 16, 32, hata 64.

Na hao wanaosema limechezewa jeni: hakuna jeni ngeni iliyopandikizwa kwenye tikitimaji hilo. Kilichobadilika ni idadi ya seti. Kolkisini, ambayo kweli ni sumu, ilitumika kwenye miche ya mwanzo tu. Uzao wa tetraploidi ukishapatikana hujizalisha wenyewe kwa mbegu zake, na tunda unalolikata liko vizazi vingi mbali na dawa hiyo. Vile vijiganda vyeupe laini utakavyoviona ndani ni maganda ya mbegu zilizoshindwa kukua. Unaweza kuvila tu pamoja na tunda.